Mlo Ulioachwa Ni wa Nani?

Kila Januari makanisa mengi ya Tanzania na Kenya hutangaza mfungo wa kuanza mwaka. Yapo yanayofunga siku 21 kwa kufuata mfano wa Danieli, yapo yanayofunga siku 40, na miongoni mwa waumini wapo wanaokwenda mbali zaidi na kufunga kavu, bila chakula wala maji, kwa siku tatu kama Esta na watu wake. Haupiti muda mrefu Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri nao wanaingia Kwaresima. Hakuna basi mwenye haki ya kusema kwamba kwetu kufunga kumepitwa na wakati. Tunafunga sana. Tunaambiwa tufunge siku ngapi, tufungue saa ngapi, na kila siku tuombee jambo gani. Ni nadra kuambiwa chakula tulichokiacha kiende wapi. Kinabaki kwenye jokofu, au kinaliwa usiku pamoja na cha usiku, au fedha yake inabaki mfukoni na kumalizikia kwenye jambo jingine. Katika makala hii natetea hoja moja: swali la mlo ulioachwa ndilo linaloamua kama mfungo wetu ni wa Kikristo. Kufunga kuna nafasi kubwa katika maisha ya kiroho leo, lakini nafasi hiyo haimo katika njaa yenyewe, wala katika majibu tunayoyatarajia. Imo katika mlo unaotolewa mbele za Mungu na kumfikia mwenye njaa.

Tuanze na Maandiko, kwa sababu wengi tunayasoma kana kwamba kufunga ni kwema popote kunapotajwa. Sivyo. Sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza inasimulia jinsi Yezebeli alivyompatia mumewe, Mfalme Ahabu, shamba la mizabibu la Nabothi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, na agizo la kwanza ndani ya barua hizo lilikuwa kutangaza mfungo. Wazee wa mji wakatii. Watu wakafunga, Nabothi akakalishwa mbele ya umati, mashahidi wawili wa uongo wakamshtaki kwamba amemtukana Mungu na mfalme, kisha akatolewa nje ya mji akapigwa mawe hadi kufa. Kwa upande wa taratibu mfungo ule haukuwa na kasoro: ulitangazwa na wenye mamlaka na ukashikwa na mji mzima. Lakini ulikuwa njia ya kumpokonya mtu ardhi ya baba zake. Katika sura ya 23 ya Matendo ya Mitume, watu zaidi ya 40 wanakula kiapo kwamba hawataonja chakula wala maji mpaka wamuue Paulo. Nao walikuwa wamefunga, tena mfungo mkavu, tena kwa dhati. Tumbo tupu linaweza kumtumikia Mungu, na linaweza kuitumikia nia ya kuua. Ni lazima basi kuwe na kitu kingine, mbali na njaa, kinachoupa mfungo thamani yake.

Wengi wangejibu kwamba kitu hicho ni haja tunayompelekea Mungu. Mtu anafunga kwa ajili ya kazi, mchumba, mtoto, uponyaji, kesi iliyoko mahakamani, au kuvunja laana ya ukoo. Kuomba hivyo si kosa. Watu wa Ninawi walifunga wakisihi wasiangamizwe, Esta alifunga kabla ya kuingia kwa mfalme, na Kanisa la Antiokia lilikuwa katika ibada na mfungo lilipoambiwa na Roho liwatenge Barnaba na Sauli kwa kazi ya utume. Mwenye shida anayemlilia Mungu hata chakula kisipite kooni anafanya jambo la imani. Kosa linaanza pale njaa inapogeuzwa kuwa malipo, kana kwamba Mungu ana bei na siku 21 zinatosha kwa haja hii lakini si kwa ile. Hapo ndipo inapofaa kumtazama Daudi katika sura ya 12 ya Samweli wa Pili. Mtoto wake anaumwa. Daudi anafunga na kulala chini usiku kucha, wazee wa nyumba yake wanamsihi ainuke ale, anakataa. Siku ya saba mtoto anafariki. Watumishi wananong'onezana, wanaogopa kumwambia. Daudi anaona minong'ono, anaelewa, anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anabadili nguo, anakwenda nyumbani kwa Bwana kusujudu, na ndipo anaporudi kwake na kuagiza chakula. Kama kufunga kungekuwa malipo, Daudi angekuwa mtu aliyedhulumiwa, na asingekwenda kusujudu. Alisujudu kwa sababu tangu mwanzo alikuwa anasihi, hakuwa ananunua. Mafundisho ya malipo huwaumiza waumini wetu kwa namna hii hasa: jibu lisipokuja, mgonjwa au mama asiyejaliwa mtoto anaambiwa hajafunga vya kutosha, aongeze siku. Juu ya huzuni yake anatwishwa na hatia.

Wapo wanaoegemea kifungu kisemacho kwamba pepo wa aina fulani hawatoki ila kwa sala na kufunga, yaani Mathayo 17:21. Ni vyema wajue kwamba kifungu hicho hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, na ndiyo maana Biblia nyingi za sasa hukiweka kwenye mabano au pembeni. Si busara kujenga juu yake fundisho zima la kufunga kama chanzo cha nguvu. Msingi imara zaidi upo, nao ni sura ya 58 ya Isaya. Hapo watu wanamlalamikia Mungu kama tunavyolalamika leo: tumefunga, mbona huoni? Jibu analolitoa nabii ni kali. Siku yenu ya kufunga mnafuata mambo yenu na kuwakandamiza wafanyakazi wenu; mnafunga huku mkigombana na kupigana ngumi. Kisha anaeleza mfungo ambao Mungu ameuchagua: kuwaacha huru walioonewa, kumega mkate pamoja na mwenye njaa, kumkaribisha asiye na makao, kumvika aliye uchi. Ahadi tunazozipenda, za nuru kupambazuka na maombi kujibiwa, zinakuja baada ya mkate kumegwa. Tuliweke neno hilo ndani ya nyumba zetu. Mama na baba wamefunga, wanaamka saa kumi usiku kuomba, na dada wa kazi anayewapikia watoto wao hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Isaya hana haja ya kufafanuliwa mbele ya nyumba hiyo. Nabii Zekaria, katika sura ya 7, alipoulizwa kama watu waendelee na mfungo walioushika kwa miaka 70, alirudisha swali: mlipofunga, mlinifungia mimi? Halafu akataja haki, mjane, yatima, mgeni na maskini.

Yesu hakuuondoa mfungo huo wa manabii, aliukamilisha. Katika sura ya 6 ya Mathayo anazungumzia mambo matatu mfululizo: sadaka, sala na kufunga. Kila moja linaonywa kwa namna ileile, lisifanywe ili watu waone, na kila moja linaahidiwa kwamba Baba aonaye sirini atalijibu. Yamewekwa pamoja kama mazoezi ya moyo mmoja, na madhara hutokea tunapolibeba la tatu peke yake. Katika sura ya 9 anaulizwa kwa nini wanafunzi wake hawafungi kama wa Yohane Mbatizaji. Anajibu kwamba walioalikwa arusini hawawezi kuomboleza bwana arusi akiwa pamoja nao. Siku zitakuja atakapoondolewa, hapo watafunga. Hii ndiyo sababu ya ndani kabisa ya mfungo wa Mkristo: tunafunga kwa sababu tunamngoja Bwana ambaye hatumwoni. Lakini katika sura ya 25 ya Injili hiyohiyo Bwana huyo anasema ni wapi tulipomkuta bila kumtambua. Alikuwa na njaa, alikuwa na kiu, alikuwa mgeni, alikuwa uchi, mgonjwa, mfungwa. Ukiziweka sura hizi mbili pamoja, hoja inajitokeza yenyewe. Tunafunga kwa kumtamani Bwana, na Bwana amesema anapokewa kwa mwenye njaa. Kumpelekea mwenye njaa mlo tuliouacha si nyongeza ya hisani juu ya mfungo uliokwisha kamilika. Ndipo mfungo unapomfikia yule uliofungwa kwa ajili yake.

Wakristo wa mwanzo walilielewa jambo hili, na ushahidi wa maandishi tunao. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho cha siku za mwanzo za Kanisa, kinaagiza kufunga Jumatano na Ijumaa. Kitabu cha Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinaeleza jinsi ya kufunga kwa uangalifu wa mtu anayepiga hesabu. Siku ya kufunga ule mkate na maji tu, kadiria gharama ya chakula ambacho ungekula siku hiyo, iweke kando, mpe mjane, yatima au mhitaji. Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Aristide wa Athene, ambaye katika karne hiyohiyo aliandika utetezi wa Wakristo kwa kaisari. Anasema kwamba akiwapo kati yao maskini, nao hawana akiba ya kumpa, hufunga siku mbili au tatu ili apatikane chakula cha kumlisha. Tusipite haraka hapo. Watu hawa hawakuwa matajiri waliogawa ziada. Ziada hawakuwa nayo. Kufunga ndiko kulikokuwa ghala lao. Karne tatu baadaye Papa Leo Mkuu, aliyeongoza Kanisa la Roma kuanzia 440 hadi 461, aliwahubiria watu wake kwamba anachojinyima mwenye kufunga kiwe chakula cha maskini. Kwa watu wa namna hiyo, mfungo uliobaki na mlo wake ndani ya nyumba ungekuwa jambo lisiloeleweka.

Uhusiano huo ulilegezwa polepole, na sheria zina sehemu yao katika kulegea huko. Swali lilipokuwa ni vyakula gani vimeruhusiwa na nani amepewa ruhusa ya kutofunga, mwenye njaa alitoka katikati ya mazungumzo. Katika Kwaresima ya 1522 mjini Zurich, watu kadhaa walikula soseji nyumbani kwa mchapaji vitabu Christoph Froschauer, na mhubiri Huldrych Zwingli, aliyekuwapo ingawa hakula, akawatetea mimbarani kwa hoja ya uhuru wa Mkristo. Ugomvi ule ulihusu nyama. Pande zote mbili zilikuwa na mambo ya maana ya kusema, lakini maskini wa Zurich hakuwa hoja kuu ya upande wowote. Kwa Wakatoliki, Papa Paulo VI alipunguza siku za kufunga mwaka 1966, na Sheria za Kanisa za 1983 zinamdai mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 afunge siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, pamoja na kuacha nyama siku za Ijumaa. Lengo la kupunguza lilikuwa zuri: waamini waongeze sala na matendo ya huruma kwa hiari yao. Wengi tulipokea punguzo na kuisahau nyongeza. Kwa kulinganisha, mlei wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga siku 180 hivi kwa mwaka, na makasisi na watawa zaidi ya hapo. Katika mfungo mkuu wa siku 55 kabla ya Pasaka hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Mabucha mengi ya Addis Ababa hufungwa, na mezani panabaki mkate wa injera na shiro, mchuzi wa unga wa dengu. Hakuna anayejiona shujaa, kwa sababu jirani zake wengi wanakula vilevile. Ethiopia inatuonyesha kwamba mfungo mzito unawezekana kwa watu wa kawaida, wakulima na wachuuzi, mradi uwe wa jumuiya nzima.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka kwa wale wanaoogopa kwamba tunarudisha wokovu wa matendo. Wanakumbusha, kwa haki, barua ya Paulo kwa Wakolosai inayopinga amri za usishike na usionje, na Mfarisayo wa sura ya 18 ya Luka aliyejisifu kwamba hufunga mara mbili kwa juma, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Woga huo ni wa kweli, lakini unaielekea mifungo inayomwacha mtu akijitazama mwenyewe. Martin Luther, aliyepinga vikali wazo la kufunga ili kupata stahili, aliandika katika Katekisimo Ndogo ya 1529 kwamba kufunga na kuutayarisha mwili ni zoezi jema la nje. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri juu ya sura ya 6 ya Mathayo na kusisitiza kwamba mfungo uambatane na sadaka. Kwa hakika mlo unaotoka ndio dawa ya kiburi cha Mfarisayo. Mtu anayefunga kwa ajili ya nafsi yake ana nafasi ya kuhesabu siku zake na kujipongeza. Anayefunga ili fulani ale ana jambo jingine la kuangalia: je, fulani amekula?

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kama lengo ni mwenye njaa ale, kwa nini nisitoe tu fedha na kuendelea kula chakula changu? Maskini hashibi zaidi kwa sababu mimi nina njaa. Ni kweli, na mtu mwenye uwezo asiitumie hoja yangu kupunguza sadaka yake hadi bei ya wali maharage kwa mama lishe. Lakini kuna tofauti kati ya kutoa kilichozidi na kutoa kilichokuwa chako siku hiyo. Anayetoa kilichozidi hubaki mfadhili, na mfadhili huketi juu ya anayemfadhili. Anayetoa mlo wake anashuka, anaonja kwa saa chache kile ambacho mwenzake anakionja bila kuchagua, na anagundua jinsi hasira inavyokuwa karibu, jinsi akili inavyochoka, jinsi saa tisa alasiri inavyokuwa mbali. Hatamwita tena mwenye njaa mvivu. Zaidi ya hapo, Mkristo hamwabudu Mungu kwa mawazo tu. Sura ya 8 ya Kumbukumbu la Torati inasema Mungu aliwaacha Israeli waone njaa jangwani, kisha akawalisha mana, ili wajue kwamba uhai wao hautoki kwenye mkate peke yake. Somo hilo Mungu hakuwapa kwa maneno; aliwapa kwa tumbo. Anayetoa bila kufunga anaweza kulikosa somo hilo, na anayefunga bila kutoa amelipata nusu.

Hapa wapo wanaouliza kuhusu mifungo ya siku hizi ya kuacha simu, mitandao, muziki au sukari. Ni mizuri, na kwa kijana anayelala na simu mkononi inaweza kuwa migumu kuliko kukosa chakula cha mchana. Yohane Krisostomo alipohubiri Antiokia katika Kwaresima ya 387 aliwataka waumini wafunge pia kwa macho, masikio na kinywa, wasimtafune ndugu yao kwa masengenyo. Tuone, hata hivyo, kwamba aliongeza, hakubadilisha. Simu niliyoizima haimshibishi mtu. Anayechagua mfungo wa namna hiyo atafute tunda lake kwa jirani: saa alizozipata amtembelee mgonjwa, na fedha ya vifurushi vya intaneti aliyoiokoa aitoe.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wale wanaoishi kwa kupiga pasi ndefu. Mamilioni ya Wakristo wa Afrika Mashariki hula mlo mmoja kwa siku, si kwa sababu ya Kwaresima bali kwa sababu kibarua hakikupatikana. Kumhubiria mtu huyo ajinyime ni kumdhihaki. Nakubali kabisa, na hoja ya mlo ulioachwa inaeleza kwa nini. Kama njaa yenyewe ingekuwa na thamani mbele za Mungu, mwenye dhiki angekuwa amefunga kuliko sisi sote na tungempongeza. Lakini njaa isiyochaguliwa si mfungo. Ni uovu unaopaswa kuondolewa, na mfungo wa wenye chakula ni njia mojawapo ya kuuondoa. Waraka wa Paulo VI wa 1966 ulitofautisha mambo haya waziwazi: waamini wa nchi zenye neema ya mali watoe ushuhuda wa kujinyima na wa upendo kwa wenye njaa, na wale wanaoishi katika umaskini wamtolee Mungu taabu zao huku wakidai haki bora ya kijamii. Kilichosemwa kuhusu nchi ni kweli pia kuhusu mitaa ya mji mmoja. Kati ya Masaki na Tandale, au kati ya Karen na Kibera, hakuwezi kuwa na tangazo moja la mfungo lenye maana ileile kwa wote. Hata hivyo tusimnyime maskini heshima ya kufunga akitaka. Wakristo wa Aristide walikuwa maskini, wakafunga ili mwenzao aliyezidiwa ale.

Pingamizi la nne limeandikwa kwa makaburi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wengi wakiwamo. Waendesha mashtaka wanasema waumini hao walifundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Baada ya Shakahola, mtu anaweza kuuliza kama si salama zaidi kuacha kabisa kuhubiri kufunga. Nadhani kunyamaza kungewaacha waumini bila kipimo, wakati kipimo kipo, nacho ni cha kale. Katika sura ya 14 ya Samweli wa Kwanza, Mfalme Sauli aliwaapisha askari wake wasile chochote hadi jioni. Watu wakazimia. Mwanawe Yonathani, ambaye hakusikia kiapo, alichovya ncha ya fimbo katika asali, akala, macho yake yakatiwa nuru, na akasema wazi kwamba baba yake ameitaabisha nchi. Sauli alipotaka kumuua, watu walikataa wakamwokoa. Walifanya vyema kumkatalia kiongozi aliyewafungisha kwa nguvu. Katika karne ya 4, mtaguso uliofanyika Gangra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, uliwahukumu waliofunga hata Jumapili kwa kisingizio cha utawa, ukawahukumu pia wazazi walioacha kuwalea watoto wao kwa kisingizio hichohicho. Kanisa lilijua mapema kwamba kufunga kunaweza kugeuka ugonjwa. Mlo ulioachwa unatupa kipimo rahisi: mfungo wa Kikristo upo ili mtu ale. Unaishia mezani. Mafundisho yanayowanyima watoto chakula, yanayomzuia mwenye kisukari kula au mwenye VVU na kifua kikuu kunywa dawa, yanayomkataza mjamzito kula, yamekwisha kuacha njia hata kama kila neno lake linanukuliwa kutoka Biblia.

Kuna jambo la kujifunza kwa majirani pia. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza Machi 5, Ramadhani ikiwa katika siku zake za mwanzo, na kuanzia Lamu hadi Mtwara watu wa dini mbili walifunga wakati mmoja. Imani zetu hazifanani juu ya maana ya saumu, na hakuna sababu ya kujifanya zinafanana. Lakini Waislamu hawakuliacha suala la mwenye njaa kwenye hiari ya mtu. Asiyeweza kufunga kwa sababu ya uzee au maradhi ya kudumu humlisha maskini kwa kila siku anayoikosa, na kabla ya sala ya Idi mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri ili maskini naye apate chakula cha sikukuu. Katika utaratibu huo mwenye njaa ana nafasi yake inayojulikana. Sisi nasi tuna pa kuanzia. Maaskofu Katoliki wa Kenya huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka kupitia tume yao ya haki na amani. Jumuiya ndogo ndogo zinajua, nyumba kwa nyumba, nani hajapika jana. Kinachokosekana ni kuunganisha: tangazo la mfungo litolewe pamoja na jina la mahali ambapo mlo wake utakwenda.

Wachungaji, mapadre na wainjilisti, mnapotangaza mfungo ujao msiishie kwenye idadi ya siku na orodha ya maombi. Semeni ni familia zipi, wodi ipi, shule ipi itapokea chakula tutakachokiacha, na baada ya mfungo mtoe taarifa kwamba kimefika. Mwajiri anayefunga amlipe kwanza mfanyakazi wake. Mgonjwa ale, anywe dawa zake, na atoe kidogo alicho nacho bila kujiona ametengwa. Nawe msomaji, ukifunga juma hili, pika mlo wa siku hiyo kama kawaida, usipunguze mafuta wala chumvi, kisha umpelekee mtu unayejua hajala. Ukirudi nyumbani na njaa yako, sali.